Umbali wa nyota: Hipparcos ya 1997 au ile iliyochakatwa upya 2007?

MwalimuTanga
Habari za jioni wakuu. Naandaa bango la nyota kwa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, na kila nyota nataka niiandikie umbali wake. Nimeingia VizieR, hifadhi ya mtandaoni ya katalogi za nyota, nikakuta data za Hipparcos, setilaiti ya Ulaya iliyopima umbali wa nyota, zimewekwa mara mbili: I/239, katalogi ya awali ya 1997, na I/311, ile aliyoichakata upya Floor van Leeuwen mwaka 2007. Nikadhani zitapishana kidogo tu, mpaka nilipofika HIP 102098 (HIP ni namba ya nyota katika katalogi hizo), yaani nyota Deneb. Ya awali inatoa paralaksi (jinsi nyota inavyoonekana kusogea Dunia ikizunguka Jua; ikiwa ndogo, nyota iko mbali) ya 1.01, ya pili 2.31 (zote kwa elfu za sekunde ya tao). Ukipiga hesabu, moja inakupa miakanuru kama 3,230 na nyingine kama 1,410. Setilaiti ni ile ile na vipimo ni vile vile! Nitumie ipi?

Jabali
Ya 2007. Nyota za bango ni nyota angavu, na hizo ndizo zilizofaidika zaidi na uchakataji mpya.

BintiSuheli
Mwalimu, shikamoo. Kabla hujachagua, tazama safu iliyo jirani na paralaksi, ile ya kosa la kipimo, yaani kiasi ambacho kipimo kinaweza kupotoka. Deneb ya 1997 ni 1.01 na kosa lake ni 0.57. Kosa limepita nusu ya kipimo chenyewe, kwa hiyo ile 3,230 haikufaa kuandikwa bangoni tangu mwanzo. Katika katalogi ya 2007 kosa ni 0.32.

Sasa, kwa nini vipimo vile vile vitoe jibu jingine? Hipparcos ilirushwa tarehe 8 Agosti 1989, na injini ya kuipandisha hadi kwenye obiti iliyokusudiwa ikagoma kuwaka. Ikabaki kwenye njia ndefu kama yai, ikipenya mikanda ya mionzi kila inapozunguka, na ikaendelea kupima hivyo hivyo hadi 1993. Darubini yake ilitazama pande mbili za anga kwa pamoja, zilizoachana kwa nyuzi 58, huku setilaiti ikijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa saa mbili na dakika chache. Ili kipimo kiwe na maana, lazima ujue setilaiti ilikuwa imeelekea wapi hasa wakati nyota inapita.

Hapo ndipo penye kazi. Makundi mawili ya wanasayansi, FAST na NDAC, yalichakata data kila moja kivyake, kisha matokeo yakaunganishwa kuwa katalogi ya 1997. Baadaye van Leeuwen akaonyesha kwamba mwendo wa setilaiti haukuwa laini kama ulivyochukuliwa. Umewahi kulala chini ya paa la bati? Jua likichomoza, bati linapata joto na kulia "ta!". Kiunzi cha Hipparcos nacho kilishtuka namna hiyo joto lilipobadilika ghafla, hasa setilaiti ilipotoka kwenye kivuli cha Dunia. Kuna nyakati pia iligongwa na chembe za vumbi la angani. Aliisaka mishtuko hiyo ndani ya data za zamani, akaitenga, akaunda upya mwelekeo wa setilaiti. Kwa nyota angavu usahihi ukapanda hadi mara nne. Mfano mzuri ni Nyota ya Kaskazini, ambayo ninyi wa Tanga hamuioni: 1997 ilikuwa 7.56 kwa kosa la 0.48, na 2007 ni 7.54 kwa kosa la 0.11. Kipimo kimebaki karibu palepale, ila sasa unaweza kukiegemea.

MzeeWaDarubini
Binti amefafanua vizuri sana. Mimi naleta tahadhari moja, na inaniuma kwa sababu ni nyota zetu: Kilimia. Hipparcos ya awali iliweka kundi hilo kwenye parseki kama 118 (parseki moja ni miakanuru kama 3.26). Data mpya zikatoa 120.2 kwa kosa la 1.9, yaani miakanuru kama 392. Mwaka 2014 darubini za redio zilizounganishwa zikapima 136.2, miakanuru kama 444, na Gaia, setilaiti iliyoifuata Hipparcos, ikaja kukubaliana na hizo za redio. Unaona? Kosa lilipungua kwenye karatasi, lakini jibu likabaki mbali na ukweli. Kuchakata upya kunasafisha uchafu uliotambuliwa, si kila uchafu. Kwa Kilimia usichukue 1997 wala 2007.

MwalimuTanga
Marahaba binti, na ahsante mzee. Basi kwa nini nisichukue Gaia kwa nyota zote nikamaliza?

NasraData
Kwa sababu nyota angavu mno ziliilemea Gaia. Suheli hutaipata humo, wala Betelgeuse. Kwa hizo Hipparcos bado inahitajika. Suheli imebaki takriban miakanuru 310 katika katalogi zote mbili, na kosa lake halikupungua. Betelgeuse ilihama kutoka 427 hadi 498.

Na ya 1997 usiifute. Ina kiambatisho kizima cha nyota pacha. Nakuomba pia uongeze safu ya chanzo kwenye jedwali lako. Mimi niliwahi kuchanganya katalogi mbili kwenye faili moja, na kwa kuwa namba za HIP ni zile zile, hakuna kilichonishtua. Nilipoteza wiki nzima nikitafuta nyota zipi zimetoka wapi.

Jabali
Hilo la safu ya chanzo nami nalichukua. Nilijibu kwa haraka.

MwalimuTanga
Nimeanza upya usiku huu. Nyota angavu zinatoka I/311, kila moja na kosa lake kando. Kilimia nimeiandikia 444 na chanzo chake, kisha chini yake nimeweka "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua", maana wanafunzi wengi wameusikia kwa bibi zao. Na Deneb nitawawekea zote mbili, ya 1997 na ya 2007, pamoja na makosa yake, wapige hesabu wenyewe Jumatatu.