Nyama ya mwana-mbuzi na ya mbuzi mzima: chumvi zake ni zile zile?

Mwalimu wa Lamu
Assalamu alaikum. Mbuzi wangu ameharibu mimba juma lililopita. Kabla ya kukizika kile kijusi nilikata gramu 100 za paja lake, nikazikausha katika oveni ya maabara pamoja na gramu 100 za paja la mbuzi mzima kutoka sokoni. Ile ya mbuzi mzima ilibaki kama gramu 25, ngumu mithili ya ng'onda. Ya kijusi haikufika 15. Kwamba maji yamezidi, hilo naliona. Wanafunzi wanauliza iwapo chumvi zake ni zile zile zilizozimuliwa, au nazo hubadilika.

Daktari wa mifugo, Malindi
Wa alaikum salaam, Mwalimu. Hubadilika. Nyuzi za misuli ya kijusi ni nyembamba na zimeachana, na katikati yake pamejaa majimaji yaliyo nje ya seli, ambayo kama maji ya damu yana sodiamu na kloridi kwa wingi na potasiamu kidogo mno. Mnyama anapokua, nyuzi hunenepa na kuibana nafasi ile; na kwa kuwa potasiamu, magnesiamu na fosfati makao yake ni ndani ya seli, hizo huongezeka katika kila gramu ya nyama, huku sodiamu na kloridi zikipungua. Katika mimba changa sodiamu huishinda potasiamu. Kwa mnyama mzima mambo yamepinduka, sodiamu haifiki hata nusu ya potasiamu.

Mwalimu wa Lamu
Basi ni suala la nafasi tu, Daktari, seli yenyewe haina lake?

Daktari wa mifugo, Malindi
Nafasi ndiyo yenye fungu kubwa, ila seli nayo inalo lake. Katika utando wake mna pampu, aliyoigundua Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957, ambayo kila mzunguko hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili. Kwa panya, pampu hizo huongezeka maradufu kadhaa katika majuma manne ya mwanzo baada ya kuzaliwa.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi, choma mabaki yale hadi yawe majivu, uyatie katika ndimi za moto. Umanjano wa sodiamu utaufunika urujuani wa potasiamu, kwa hiyo watazame kupitia kioo cha buluu cha kobalti. Na nyama usiioshe kwanza, maana maji huondoka na chumvi zile zile unazozitafuta.