Hilux ya 3L ikipakia inakata pumzi mlimani, naomba ushauri wa kuiongezea nguvu bila kumaliza mfuko

kijana_wa_mizigo:
Wakuu habari za saizi, msaada tutani. Nina Hilux pikapu 4x4 yenye injini ya 3L (ni jina la injini ya Toyota, si lita 3), dizeli haina tabo (ile feni ya kusukumia injini hewa zaidi), kwenye tambarare inaenda vizuri tu ila nikishapakia karibia tani nikakuta mlima basi ni gia ya pili, mguu umefika chini na malori yananipita. Haichemshi, oili hailambi, moshi mweusi unatoka kiasi nikikanyaga sana. Matairi nilifunga ya inchi 31 kwa ajili ya matope. Fundi mmoja kasema niweke tabo, mwingine anasema anafungua skrubu ya pampu ya dizeli tu inakuwa mnyama, na kuna jamaa anataka kuniuzia chipu ya nguvu ya kuchomeka chini ya dashibodi. Hela ni ya kuunga unga na hii gari ndo inalisha familia. Nianze na kipi? Naomba kuwasilisha.

Nozeli:
Chipu achana nayo leo leo mkuu. Pampu ya 3L inazungushwa na mkanda wa taimingi na inapima dizeli yenyewe kwa springi na vyuma vilivyo ndani, hakuna kompyuta ya kudanganya pale, utanunua taa ya kuwaka tu.

Skrubu nayo ielewe kabla hujamruhusu mtu aiguse. Ile inaongeza dizeli tu, hewa haiongezi. Injini yako ni cc 2779 na haina tabo, hewa inayovuta ni ileile, na wewe umesema moshi mweusi tayari upo, maana yake dizeli inayoingia saizi haiungui yote. Ukiongeza nyingine unaongeza moshi na joto, na joto hilo linakula pistoni na silinda hedi taratibu mpaka siku unapanda na mzigo inakuacha njiani. Huo moshi unakuambia ama hewa ni kidogo (ea klina imeziba, bomba lake limebonyea) ama nozeli (zile ncha za kunyunyizia dizeli kwenye silinda) zimechoka zinadondosha matone badala ya kunyunyiza. Zipeleke kwenye mashine ya kupimia, fundi akipampu uone mwenyewe: nzuri inatoa ukungu mwembamba na kukata ghafla, mbovu inatoa kama mkojo. Zikiwa mbovu badili zote nne kwa pamoja. Hapo ndipo hela yako ya kwanza iende.

DadaGreisi:
Naunga mkono Nozeli ila kuna kitu cha bure kabisa kaka yangu anza nacho. Zima gari, mtu akae ndani akanyage mafuta mpaka chini kabisa, wewe funua boneti uangalie ule mkono wa pampu unaovutwa na kebo. Unatakiwa ugonge boliti ya kikomo. Nimeona gari nyingi kebo imelegea au kapeti limejikunja chini ya pedali, mkono unaishia njiani, dereva anadhani injini imechoka kumbe hajawahi kuipa mafuta yote.

Halafu breki. Ukitoka safari nyanyua kila tairi ulizungushe kwa mkono, likiwa zito kuna silinda ya breki imeganda na hapo unapanda mlima huku unabreki. Filta ya dizeli pia badili, na kama ina maji ndani basi na tangi lisafishwe. Usisahau kwamba injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kama njia zako ziko juu sehemu ya tatizo ni hewa nyepesi tu.

babu_geaboksi:
Kijana, wote wanaangalia injini na hakuna aliyegusa matairi. Ukitoka inchi 29 kwenda 31 umerefusha kila gia kwa karibu asilimia 7, ni kama umefunga difu ndefu zaidi (inayozungusha tairi haraka ila kwa nguvu ndogo), na spidi mita yako inasoma chini ya mwendo halisi. Rudisha matairi ya saizi yake uone.

Ukiyapenda hayo ya 31 basi badili difu. Hilux zilikuja na 4.1 (yaani propela, ile shafti ndefu ya kwenda kwenye difu, inazunguka mara 4.1 matairi yakizunguka mara moja) na zingine 4.556 kutegemea ilikoenda, na kutoka 4.1 kwenda 4.556 unapata kama asilimia 11 ya nguvu ya kuvuta kwenye tairi bila kugusa injini. Kujua unayo ipi: weka magogo matairi ya mbele, gia huru, nyanyua tairi moja tu la nyuma, lizungushe mara 2 kamili huku mwenzio anahesabu propela. Ikizunguka mara 4 na kidogo ni 4.1, ikizunguka 4 na nusu ndo hiyo fupi. Ukibadili ya nyuma na ya mbele LAZIMA zifanane, la sivyo siku unaingiza 4x4 kwenye lami unavunja geaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Mwendo wa juu utapungua na injini itapiga kelele zaidi kwenye lami, ila wewe ni mtu wa mizigo.

tabo_moto:
Wakuu tabo mmeiruka, inafanya kazi aisee, gari inabadilika kabisa. Ila nakubali isiwe ya kwanza. Kompreshen ya 3L (inavyoibana hewa ndani ya silinda) ni kama 22 kwa 1, kwa hiyo presha ya tabo iwe ndogo, psi 7 au 8 inatosha, tena kwa injini ambayo kompreshen yake imepimwa na silinda zote ziko sawa. Na lazima ufunge geji ya joto la eksozi, mie sivuki nyuzi 700 za sentigredi kabla ya tabo, likifika naachia mguu. Ongeza na bomba la oili la kwenda na kurudi, eksozi pana, rediyeta iliyozibuliwa. Ukijumlisha vyote hivyo unakuta umekaribia bei ya injini ya 1KZ iliyotoka na tabo kiwandani, cc 2982, nguvu za farasi kama 125 wakati 3L ni kama 90. Ukienda huko chukua 1KZ-T ya pampu ya kawaida, 1KZ-TE ina waya na kompyuta. Na zote hedi zake zinapasuka zikichemshwa, kwa hiyo mfumo wa maji kwanza. Namba ya injini ibadilishwe kwenye kadi ya gari pia.

kijana_wa_mizigo:
Nashukuru sana wote. DadaGreisi, mkono wa pampu ulikuwa haufiki, nafasi ya kidole kizima, nimekaza kebo na mlima uleule na mzigo kama ule sasa natoka gia ya pili naingia ya tatu inashika. Moshi bado, kwa hiyo nozeli zinashushwa wiki hii. Babu nimehesabu propela, ni 4.1. Je nikipata difu nzima za 4.556 kutoka gari iliyokatwa, nizifunge hivyo hivyo?

babu_geaboksi:
Fungua kwanza uangalie meno ya kronwili (gia kubwa ya ndani ya difu), yawe yamelika sawasawa bila kumeguka, na uhesabu: meno 41 ya kronwili kwa 9 ya gia ndogo inayoizungusha ndo 4.556. Chukua mbele na nyuma kutoka gari hilohilo. Badili beringi na sili kabla hazijaingia, oili mpya, halafu siku za mwanzo usipakie mzigo mzito.

Nozeli:
Na nozeli zikirudi leta majibu ya presha hapa kabla fundi hajagusa pampu.