Kovu la mkono wa mtoto: nimwone nani, Arusha au Moshi?

Kutoka: Mama Mapacha, Njiro

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Poleni na baridi.

Mmoja wa wale pacha wangu, miaka 5, aliungua mkono wa kulia Ramadhani iliyopita. Alivuta kitambaa cha meza, bakuli la uji wa pilipili manga likamwagikia. Kidonda kilipona, alhamdulillahi, lakini kovu limekuwa gumu kama kamba, na limevuta kidole cha pete na cha mwisho hadi vimelala kiganjani. Ukimvalisha sweta ya shule mkono unakwama ndani. Vifungo anafungiwa na nduguye.

Zahanati wameniambia nitafute "daktari wa plastiki", basi. Nikapiga simu hospitali moja hapa mjini, dada wa mapokezi akanielekeza chumba cha kufungia hogo. Kwake plastiki na plasta ni mamoja. Mimi mji huu ni mgeni, mwaka wa pili tu, sijui nianzie wapi. Kuna amjuaye daktari wa kazi hii Arusha au Moshi? Ama nivuke Namanga nirudi kwetu?

Kutoka: Kaka wa Sakina

Dada, vuka tu. Arusha mpaka Namanga ni kilomita 110 hivi, ukitoka alfajiri mchana uko Nairobi. Kule mabingwa wa ngozi na makovu wapo, na jina la daktari unalitazama mwenyewe mtandaoni kwenye rejista ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya. Beba pasi ya mtoto, na kama babake hasafiri nanyi, barua yake ya ridhaa, wasikuzungushe mpakani. Mimi hata jino hung'olea Nairobi.

Kutoka: Mama wa Rau, Moshi

Pole dada, na pole kwa mtoto.

Nilisita kujibu kwa sababu ninalotaka kusema litamkera kaka yetu wa Sakina. Mimi nilishavuka Namanga kwa jambo hili hili, na nilirudi nikijuta. Daktari hakuwa mbaya. Kazi yake ilikuwa safi, ungeiona ungesema ni ya fundi. Tatizo lilikuwa barabara.

Binti yangu aliungua vidole vitatu kwa mafuta ya mahamri. Nairobi wakakata kovu, wakafungua vidole, wakapandikiza ngozi. Nikakaa kwa dadangu siku kumi, bandeji ikafunguliwa, ngozi imeshika, furaha tele. Nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili, kisha kila wiki ili gango, kile kifaa kigumu cha kushikilia vidole vikae vimenyooka, lirekebishwe mkono unavyolegea. Nikaitikia, naam daktari. Nani alikuwa na uwezo wa kwenda Nairobi kila wiki? Kazini ruhusa nilikuwa nimeimaliza. Gango lenyewe lilikuwa la plasta, likavunjika kabla hatujafika Longido. Nikawa namfungia mkono kwa kitambaa na kipande cha ubao, ukaidi wa mama. Baada ya miezi mitatu vidole vikarudi vilipokuwa. Pesa, likizo, machozi ya mtoto, vyote vikaenda bure.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kabla ya kuuliza nani atampasua, uliza nani atamwona mtoto wiki ya tatu, ya sita na ya kumi na mbili, na kama kwako mpaka kwake panaendeka. Kovu lina tabia ya kuvuta miezi mingi baada ya upasuaji. Kisu hufanya kazi ya saa mbili, na mwaka mzima uliobaki ni wa gango na mazoezi.

Mara ya pili tulifanyiwa huku huku Moshi. Nikuambie nilichojifunza, utachuja mwenyewe.

Kwanza neno. Huku usiseme "plastiki", sema "upasuaji rekebishi". Ukiongeza "mtoto ana mkunjo wa kovu la moto, vidole havifunguki", hata mapokezi wataelewa. Na mama mkwe akikuuliza kama mjukuu wake atawekewa plastiki mkononi, mwambie hapana. Jina limetoka kwenye neno la Kigiriki la kufinyanga, basi daktari huyu ni mfinyanzi, udongo wake ni ngozi ya mtu mwenyewe.

KCMC ni hospitali ya rufaa ya kanda yote ya kaskazini, ipo tangu 1971, nayo hufundisha madaktari. Usiende mikono mitupu, chukua barua ya rufaa hapo Arusha, Mount Meru au hospitali nyingine inayomtibu. Kabla ya kupanda gari piga simu uulize bingwa wa upasuaji rekebishi yupo kipindi hicho au la. Mabingwa hawa nchini ni wachache, na mahali pengi kazi huegemea mtu mmoja, au madaktari wageni wanaokuja kwa msimu. Huyo wa msimu si vibaya, ila rudi kwenye swali langu: akishapanda ndege, nani anabaki na mkono wa mtoto?

Hapo ndipo Moshi iliponifurahisha. Pale KCMC kuna chuo cha tiba kwa vitendo, wale watu wanaomfundisha mgonjwa kutumia mikono upya, na kuna TATCOT, tangu 1981, wanakosomea mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kunyoosha viungo. Maana yake mji huu una watu ambao gango kwao ni kazi ya kila siku.

Nilikaa pembeni nikitazama la binti yangu likitengenezwa. Yule kijana alichukua kipande cheupe kigumu kama kifuniko cha ndoo, akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto. Dakika moja kikalegea kama chapati mbichi. Akakipangusa maji, akakijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe kuhakikisha hakiunguzi, kisha akakilaza kwenye kiganja cha binti yangu akivinyoosha vidole kimoja kimoja, huku akimhadithia habari za nyani wa Marangu. Alipomaliza hadithi kilikuwa kimeshakauka kwa umbo la mkono wake. Hiyo ndiyo plastiki pekee niliyoiona katika safari nzima.

Maswali ya kumwuliza daktari, na asikutishe kwa haraka zake:

Ngozi ataitoa wapi, nzima (unene wake wote) au nyembamba (tabaka la juu tu)? Ile nyembamba ya pajani hushika kwa urahisi lakini hujikunyata zaidi baadaye. Kwa kiganja na vidole wengi hupenda ngozi nzima, mara nyingi ya kinena, na pale ilipotolewa wanapashona pakabaki mstari tu. Kama kovu ni kamba nyembamba, wakati mwingine hawapandikizi kitu, wanakata kwa umbo la Z na kuzungusha ngozi iliyopo ili kamba irefuke.

Ameshafungua mikono mingapi ya watoto, na ana picha za kabla na baada? Mwenye kazi hatakasirika.

Nani atampa mtoto dawa ya usingizi siku ya upasuaji? Hili watu wengi hawaulizi kabisa.

Je, atahitaji kurudiwa? Akikujibu hapana kabisa, shuku. Mtoto anakua na kovu halikui naye, kwa hiyo huenda akapasuliwa tena kabla hajafika utu uzima. Mimi niliambiwa hivyo na sikuona ubaya, nilipenda kwamba sikudanganywa.

La mwisho. Utaambiwa usubiri kovu likomae, mwaka na zaidi. Kwa kovu la mgongoni sawa. Kwa vidole vya mtoto vilivyokwisha kunjika, usisubiri bila kuonwa, maana viungo na mishipa vyenyewe hufupika huko ndani, na hapo ngozi mpya peke yake haitoshi. Wakati unangoja miadi mkande kovu kwa mafuta na uvinyooshe vidole polepole, mara nyingi kwa siku. Atalia. Imba.

Kutoka: Mzee wa Usa River

Naongeza mawili, kisha niwaache.

Kuhakiki jina la daktari wa huku, tumia rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Na mkiona herufi FCS baada ya jina, hiyo ni shahada ya chuo cha wapasuaji cha COSECSA ambacho makao yake yako hapo hapo Arusha, na mwenye FCS ya upasuaji rekebishi ameupitia mtihani wa fani hiyo yenyewe. Wale wa Instagramu wanaojaza midomo sindano katika chumba cha nyuma cha saluni nao hujiita wataalamu. Waacheni na midomo yao.

La pili ni la historia tu. Wapasuaji watatu walioianzisha AMREF, lile shirika la afya la Afrika, mwaka 1957, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote walikuwa wa fani hii hii ya kurekebisha, na mpango wao waliuchora kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako Wood alikuwa na shamba. McIndoe ndiye aliyewatibu marubani wa Uingereza walioungua katika Vita ya Pili. Kwa hiyo Kaka wa Sakina asiseme mambo haya yalianzia Nairobi.

Kutoka: Kaka wa Sakina

Mzee shikamoo. Nimenyamazishwa.

Ila niseme la bima, hapo ninajua. Ya kwangu ilikataa kulipia kovu la shavuni la mke wangu, barua ya daktari iliandika "kurekebisha kovu" wakasema huo ni urembo. Tukamrudia daktari, akaandika kwamba kope haifungi na jicho linakauka. Ikalipwa. Basi dada, barua yako iseme vidole havifunguki, hawezi kushika kalamu, hawezi kujivalisha. Neno "kovu" likae la mwisho. Na upate kibali chao cha maandishi kabla ya siku ya upasuaji.

Pia kuna nyumba hapa Arusha inaitwa The Plaster House, inawapokea watoto kabla na baada ya upasuaji, wa moto, wa midomo sungura, wa miguu iliyopinda. Hata kama wewe una nyumba yako, wana uzoefu wa kujua nani anafanya nini mjini. Yaani yule dada wa mapokezi na plasta yake hakuwa mbali sana na ukweli.

Kutoka: Mama Mapacha, Njiro

Jamani, Mungu awalipe.

Nimepiga tena ile hospitali, nikasema "upasuaji rekebishi" kwa sauti ya mtu anayejua. Nikaunganishwa na muuguzi mara moja. Leo mtoto ameonwa na rufaa ya Moshi ninayo mkononi. Nimemwomba daktari aandike habari ya vifungo na kalamu, akacheka, akaandika. Mafuta ya nazi tumeanza jana. Analia kweli.

Mama wa Rau, nitakuja na Coaster ya asubuhi Jumatatu. Nimlete huyu peke yake, au na nduguye? Hawajawahi kulala mbali mbali.

Kutoka: Mama wa Rau, Moshi

Walete wote wawili. Shukeni stendi kuu, mnipigie mkiwa Boma Ng'ombe nije niwapokee. Chumba cha nyuma kipo, na mkae hata wiki za mwanzo za bandeji mkihitaji. Binti yangu ameshatoa gango lake la zamani kabatini, amelichora macho na masharubu, anasema huyo ndiye atakayempokea mgonjwa.