Naomba ushauri: mdogo wangu kaitwa kazini halmashauri, mtendaji wa kijiji

Wakuu habari zenu, mdogo wangu kaitwa kazini kama Mtendaji wa Kijiji daraja la III, halmashauri moja huko nyanda za juu kusini. Nimefurahi ila jamaa mmoja kanitisha, anasema ukishakabidhiwa ile mashine ya POS ya kukusanyia ushuru wa mazao na kutoa risiti, watu wanapitisha mahindi usiku kukwepa ushuru, hela ukichelewa kupeleka benki deni linasoma kwa jina lako, na bado ugomvi wote wa mipaka ya mashamba unakuja mlangoni kwako hata jumapili. Mlioko halmashauri ni kweli? Na hela ya kujikimu ukiripoti inatoka mapema au aende na akiba? Dogo anaitaka sana hii kazi, sitaki aingie kichwa kichwa.