Tupeane uzoefu: walipokuja kuchora kuta za mtaani kwenu, nani aliulizwa?

Mtoto wa Uswazi: Wakuu, salaam. Leo nimepita shule ya msingi niliyosoma, nikakuta ukuta wote umechorwa twiga na watoto wanaocheka. Kazi safi, rangi zinawaka. Nikamuuliza muuza mihogo aliyekaa pale chini, nani kachora? "Walikuja na gari, wakachora, wakapiga picha, wakaondoka." Mliochora na mliochorewa, tiririkeni.

Laini Saba: Sisi Kibera, hapa Nairobi, tumeona mengi. Ghasia za uchaguzi zilipotuchoma mwanzoni mwa 2008, Solo 7, kijana wa hapahapa, alizunguka na brashi akiandika ujumbe wa amani kwenye kuta na vibanda. Nani angemuuliza katumwa na nani? Moshi tulivuta pamoja. Halafu 2009 akaja JR, msanii wa picha Mfaransa, akafunika mapaa kwa picha za macho na nyuso za akina mama wa hapa, mita za mraba 2,000. Macho mengine yakabandikwa kwenye mabehewa, na sehemu ya chini ya nyuso kwenye mabati ya mteremkoni chini ya reli. Treni ikipita, uso unakamilika kwa sekunde chache, halafu unapotea. Ni mgeni, sawa, lakini picha za juu ya paa zilichapwa kwenye vinili isiyopitisha maji. Hata asiyejali sanaa alipata cha kuzuia mvua.

Bibi Kanga: Hapo kwenye mvua nakuunga mkono asilimia mia.

Jirani wa Manzese: Naomba niandike refu, uzi huu umenitonesha. Kwetu lilikuja shirika, silitaji. Walipiga picha watoto bombani. Baada ya muda, ukuta wa njia ya sokoni ukawa na mtoto wa mpangaji mwenzangu, mkubwa kuliko mlango, machozi yanamtoka, ameshika sahani tupu. Yule mtoto anakula! Mama yake anauza vitumbua, anaamka saa kumi usiku. Shuleni wakaanza kumwita "Sahani". Akagoma kwenda. Jioni moja mama akatoka na ndoo ya chokaa na brashi ya kupakia ukuta, akapanda stuli, akaanza na machozi. Hakufuta sahani kwanza, alifuta machozi. Watu tukajaa, hakuna aliyemzuia. Kesho yake wenye mradi wakaja kutaka apelekwe polisi. Mjumbe akawauliza swali moja tu: karatasi ya ruhusa ya mzazi iko wapi? Wakakaa kimya.

Fundi Brashi: Pole kwa mama. Lakini mimi nachora, na kufuta kazi ya mtu ni uharibifu. Huyo mama angeshtaki.

Bibi Kanga: Ashtaki wapi, na vitumbua auze nani? Uharibifu ulianza pale bombani.

Fundi Brashi: Msanii huwa anapewa picha na kuambiwa chora. Msimtupie yeye kila kitu.

Laini Saba: Basi naye aulize picha imetoka wapi. Mdomo anao.

Mzee wa Mtaa: Vijana, pitieni ofisi ya serikali ya mtaa, mkutano uitishwe, muhtasari uandikwe.

Kona Bar: Mzee, ukianzia ofisini rangi inaishia kwenye chai. Anza na akina mama wa bombani, wakikubali hakuna wa kukupinga.

Fundi Brashi: Na plasta mpya iachwe ikauke mwezi mzima. Ukuta wenye unyevu usiupake rangi ya mafuta, itavimba ibanduke.

Mtoto wa Uswazi: Jirani, mtoto anaendeleaje?

Jirani wa Manzese: Alihamishwa shule, anasoma vizuri. Mama yake hataki kusikia neno mradi.

Fundi Brashi: Hapo nimekuelewa. Ila bado nasema, kabla ya kufuta wangekaa kwanza na msanii.

Bibi Kanga: Kuna mwenye nyumba yeyote humu aliyewahi kulipwa kwa ukuta wake? Kwetu mwenye duka aliachiwa makopo ya rangi iliyobaki, basi.