Mwalimu wa Tanga kwenda kujitolea Malawi: miezi mitatu inatosha?

Mwalimu_Chumbageni
Wadau, hamjambo. Nafundisha hisabati shule ya msingi hapa Tanga mjini, huu mwaka wa tisa. Nimepata nafasi ya kujitolea kijijini, nje kidogo ya Lilongwe. Nauli juu yangu, wao watanipa chumba na hela ya chakula. Kazini naomba likizo bila malipo. Mke wangu anauliza: shule zetu zenyewe hazina walimu wa kutosha, unakwenda kumfundisha nani? Sijapata la kumjibu. Aliyewahi kwenda anisaidie.

Bi_Ngamiani
Mwanangu, mie nilikaa mwaka mzima baada ya kustaafu. Miezi mitatu haitoshi. Wa kwanza utaishia kwenye majina ya watoto, wa tatu unafunga begi. Na mwaka wao wa shule huanza Septemba, si Januari, usije ukafika wako likizo.

Malawi walifuta ada ya msingi 1994, watoto wakafurika, madarasa na walimu wakabaki nyuma. Darasa la pili nililopewa lilisomea chini ya mwembe, ubao umeegemezwa shinani. Nilikuwa nimebeba vizibo vya soda kutoka Tanga, mfuko mzima, nikavipanga kumi kumi kama nilivyozoea. Watoto kimya. Mwalimu mwenyeji, binti mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, akachuchumaa akavigawa tano tano. Kumbe Kichewa tano ni *zisanu*, sita *zisanu ndi chimodzi*, yaani tano na moja, saba tano na mbili. Mtoto mdomoni ana vitano, mie namlazimisha kumi! Mikono ikaanza kunyooka pale pale.

Basi usimpokonye mwenyeji chaki. Panga naye somo, akifundisha wewe zunguka kwa watoto, chungulia madaftari. Chati tulichora wote wawili nyuma ya mifuko ya saruji, na zimebaki kwake.

Mkeo kauliza la maana. Mwambie mie tangu nirudi, kila Jumatano naingia darasa la pili shule ya jirani, nakaa na mwalimu kijana hivyo hivyo. Miaka yote ya kazi sikuwahi kukaa darasani kwa mwenzangu.

Kaka_wa_Pongwe
Kaka, ongea na mwalimu mkuu wa kule kabla hujakata tiketi. Kuna taasisi ilinitoza hela ya usajili, nikafika nchi ya watu shule haina habari zangu. Iliniuma sana. Ukikwama, jaribu mpango wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, upo tangu 1970 na wanatoa posho ya kujikimu.

Mwalimu_Chumbageni
Shikamoo Bi. Nimempigia mwalimu mkuu jioni hii, nimeomba nianze Septemba nikae mwaka. Mke wangu kasoma jibu lako mara mbili, amesema tutaongea. Kichewa "nisaidie" wanasemaje?

Bi_Ngamiani
Marahaba. *Ndithandizeni*. Mwambie hivyo yule mwalimu mwenyeji siku ya kwanza.