Karindula, rumba na amapiano: kwa nini wimbo wetu unasikika kama nyimbo tatu?

Binti_Katuba
Wayaya (kaka na dada zangu wakubwa), hodi. Kikundi chetu hapa Lubumbashi kina karindula moja (pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi, nyuzi nne), gita mbili, kibodi na waimbaji watatu. Wimbo uko kwenye mapigo 112 kwa dakika. Kibodi inapiga akordi za amapiano (muziki wa dansi wa Afrika Kusini), logidramu (besi yake ya elektroniki inayolia kama ngoma) iko chini, karindula katikati, na mwishoni tunapandisha hadi 130 tuingie sebene (sehemu ya rumba ya magita na kucheza). Kila chombo peke yake kinapendeza, lakini vikiwa pamoja ni kama mtu anahamisha stesheni za redio. Wasikilizaji wanatuambia tumechukua ya Afrika Kusini tukabandika gita juu. Tunakosea wapi?

La pili: gita ya pili inafungua wimbo kwa kipande cha Mwenda Jean Bosco, mpiga gita maarufu wa Katanga, karibu noti kwa noti. Inaruhusiwa?

Gita_Kamalondo
Karibu dada. Hesabu kwanza walioko chini: mkono wa kushoto wa kibodi, logidramu, karindula, na kidole gumba cha gita ya pili. Wanne wanafanya kazi ya besi! Msikilizaji hajui amfuate nani, ndiyo maana sikio lake linarukaruka.

Toeni logidramu. Mstari wake, ule unaokwepa pigo la kwanza na kujibu katikati ya kipimo (mapigo manne), mpeni mpiga karindula aupige kwa nyuzi zake. Mtu akisikia logidramu anataja Afrika Kusini kabla hamjaimba neno. Akisikia mwendo uleule ukitoka kwenye ngozi na pipa, atauliza hiki ni kitu gani, na hapo ndipo mnapopataka. Kibodi ipige mkono wa kulia tu.

Halafu akordi. Kibodi ikishika do-mi-sol-si-re, na gita solo ikakaa kwenye do, ile noti ya «si» ya kibodi inaikwaruza «do» ya gita. Ni nusu toni tu, lakini kwenye spika kubwa inauma. Ondoeni noti ya «si», mbaki na do-re-mi-sol. Ladha ya amapiano haitapotea, na solo itapata pa kusimama. Mkifika sebene, kibodi inyamaze vipimo 8 vya kwanza.

Kuhusu kasi, msiruke kutoka 112 hadi 130, maana hapo wimbo unakatika na unaanza mwingine. Bakini 112. Mbio za sebene zitoke kwenye mi-solo (gita yenu ya pili, inayorudia kipande kifupi chini ya solo): mwanzoni ipige mara 8 katika kipimo, kwenye sebene ipige zote 16. Mwili unahisi mbio wakati saa haijabadilika.

Kumbukeni pia bendi ya Zaïko Langa Langa. Walipoanza Kinshasa mwaka 1969 waliacha tarumbeta na saksofoni, wakasogeza gita na drami mbele. Upya wao ulianzia kwenye kuondoa. Ninyi mmeongeza tu.

Fundi_Mikro
Nakubaliana na Gita. Ila kama kuna mtu kikundini anayeshikilia logidramu isitoke, basi iacheni kwenye sebene peke yake, na hapo karindula ikatwe kila kitu kilicho chini ya hezi 100 kwenye ikwalaiza. Zote mbili zikiachwa nzima kati ya hezi 40 na 100, spika inatetemeka bila noti kusikika.

Kurekodi: mikro iwe sentimita 30 hivi kutoka kwenye ngozi, ielekee ukingoni. Ukiielekeza katikati ya ngozi unapata mngurumo mtupu, na nyuzi hazisomeki. Kipindi cha mvua ngozi inanyonya unyevu na kulegea, sauti inashuka kabla wimbo haujaisha. Iotesheni moto wa makaa kwa mbali, mpime sauti, na mpime tena kila baada ya kurekodi mara mbili. Msiisogeze karibu na moto, itapasuka kwenye misumari.

Na kosa ninaloliona kubwa kuliko yote: msivute mapigo ya karindula kwenye gridi ya programu ya kurekodi. Mkisha kuyanyoosha, imekuwa sampuli (sauti ya kompyuta) kama sampuli nyingine. Rekodini chupa kwanza, mtu apige kwa kisu akisikiliza mapigo 112 kwenye hedifoni. Gawanyeni kipimo mara 16, apige ya 1, ya 4, ya 7, ya 11 na ya 13. Hiyo ni klave (mdundo wa msingi) ya son, muziki wa Kuba, iliyotufikia kwa sahani za santuri miaka ya 1930, na inakaa vizuri juu ya maraka za amapiano kwa sababu nazo zinahesabu 16. Kisha zimeni mapigo ya programu, wote wafuate chupa.

Mzee_wa_Kenya
Mwanangu, nijibu la Mwenda. Alifariki mwaka 1990. Mkataba wa Berne unalinda kazi kwa angalau miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, kwa hiyo kipande hicho bado kina wenyewe. Noti kwa noti, ombeni ruhusa kwa warithi kabla ya kutoa wimbo. Lakini namna ya kupiga, gumba likitembea kwenye nyuzi nene na kidole cha shahada kikiimba juu, haina mwenyewe. Chukueni mkono wake, mtunge kipande chenu.

Tena angalieni maneno. Katika «nyumbani» uzito uko kwenye «mba». Mkiivuta «ni» juu ya pigo la kwanza ili ifanane na nyimbo za kusini, Kiswahili chetu kinasikika cha kigeni kinywani mwenu. Sogezeni neno ili «mba» ndiyo iangukie pigo la kwanza.

Binti_Katuba
Asanteni sana, wazee na wayaya. Tumejaribu bila logidramu na karindula inasikika hadi barabarani. Sasa mi-solo ndiyo imekuwa nzito, inamfunika mwimbaji. Gita ni ya kawaida.

Gita_Kamalondo
Ifanyeni mi-composé. Toeni uzi wa nne, wekeni mahali pake uzi mwembamba kama wa kwanza (0.009 au 0.010), muuvute hadi re iliyo oktava moja juu ya ile ya zamani. Msizidishe hadi mi. Uzito wote wa katikati unaondoka, na mwimbaji anapata nafasi. Uzi ukilia kama nyuki, ni kwa sababu mfereji wake pale juu ya shingo ulichongwa kwa uzi mnene: kunjeni kipande kidogo cha karatasi, mkiweke chini yake.